Somo la Kilimo: Komfri, Faida Zake na Mipaka Yake

Katika baadhi ya mashamba ya nyanda za juu za Kenya, karibu na banda la ng'ombe au kando ya bustani ya mboga, huonekana mmea wenye majani mapana yaliyojaa vinyweleo na maua madogo yanayoning'inia kama kengele. Mmea huo huitwa komfri. Wakulima wengi huusifu kwa sababu hukua upesi, hustahimili baridi, na ukikatwa leo huchipua tena kabla ya miezi miwili kutimia. Sifa hizo ndizo zinazowafanya wanachama wa vyama vya msingi waombe vipande vya mizizi yake kutoka kwa jirani, na pengine kutoka kwa chama chenyewe.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya kujisomea na kwa halmashauri za vyama. Linakusudia kusaidia kujibu swali moja: chama kikiombwa kugawa mizizi ya komfri kwa wanachama, kikubali au kikatae, na kikikubali, kwa masharti gani? Swali hili si dogo. Mbegu mbaya ya mahindi humtia mkulima hasara ya msimu mmoja, bali mmea wa kudumu uliopandwa mahali pasipofaa huweza kumsumbua yeye, jirani yake, na hata mrithi wa shamba lake.

1. MMEA WENYEWE

Komfri ni mmea wa kudumu, yaani haupandwi upya kila mwaka kama mahindi au maharagwe. Bustani ya komfri iliyotunzwa huweza kudumu kwa miaka 20 au zaidi. Shina lake hufikia kimo cha mita moja na pengine kuzidi. Maua hutoka kileleni kwa vishada vilivyojikunja kama mkia wa nge, nayo huwa ya zambarau, ya waridi, au meupe kama maziwa, kulingana na aina. Vinyweleo vya majani huwasha ngozi, kwa hiyo mvunaji hana budi kuvaa nguo za mikono mirefu.

Nguvu ya mmea huu imo ardhini. Mzizi wake ni mnene, mweusi kwa nje na mweupe kwa ndani, umejaa ute unaoteleza kama wa bamia. Katika udongo wenye kina, mizizi hushuka mita moja na nusu na zaidi. Ndiyo maana komfri hubaki na ubichi wakati mimea yenye mizizi mifupi imekwisha kunyauka.

Asili ya komfri ni Ulaya na Asia ya Magharibi, ambako moja ya jamii zake hupenda kuota kwenye kingo za mito na mahali penye unyevu. Wataalamu wa mimea huipa jina la Symphytum, neno lenye asili ya Kiyunani lenye maana ya kuunganisha au kukua pamoja, kwa kuwa watu wa kale waliyafunga majani na mizizi yake juu ya viungo vilivyovunjika. Katika nchi za baridi kali majani hufa wakati wa theluji, lakini mzizi hubaki hai na kuchipua tena hali ya hewa inapopata joto.

Aina inayopandwa sana na wakulima ni chotara aliyetokana na komfri ya kawaida ya Ulaya na komfri nyingine ya milima ya Kaukasi. Chotara huyo huitwa komfri ya Kirusi. Aliyeipa sifa nchini Uingereza ni Henry Doubleday, aliyezaliwa mwaka 1810 na kufariki mwaka 1902, mkazi wa Coggeshall katika jimbo la Essex. Katika miaka ya 1870 aliagiza miche kutoka Urusi akitumaini kupata gundi ya stempu kutokana na ute wa mizizi. Gundi hiyo haikufanikiwa, bali alistaajabia wingi wa majani, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki kuutangaza mmea huo. Katika miaka ya 1950 Mwingereza mwingine, Lawrence Hills, alizichambua aina mbalimbali katika kiwanja cha majaribio kilichokuwa Bocking, Essex, akazipa namba. Iliyopata kujulikana zaidi ni Bocking 14.

2. KWA NINI HUENEA

Mmea huenea kwa njia mbili: kwa mbegu na kwa mizizi. Komfri ya kawaida ya Ulaya hutumia njia zote mbili. Mbegu zake hudondoka, huchukuliwa na maji, nayo miche huota mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Bocking 14, kwa upande wake, haitoi mbegu zinazoota. Kwa sababu hiyo husemwa mara nyingi kwamba aina hiyo "haienei". Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaingiza watu katika matatizo.

Aina zote, pamoja na Bocking 14, huota kutokana na vipande vya mzizi. Kipande chenye urefu wa kidole, kikiachwa udongoni, huweza kuwa mmea kamili. Mkulima anayelima kwa jembe mahali palipo na komfri akidhani anaiua, kwa hakika anaipanda. Mzizi mmoja ukikatwa vipande kumi, msimu ujao mimea kumi yaweza kuota. Trekta au plau ikipita hapo, vipande huburutwa hadi mwisho wa matuta, na jembe lisilosafishwa huvibeba hadi shamba jingine.

Afrika Mashariki imekwisha kulipa gharama ya mimea iliyopendwa kwa uzuri wake kabla tabia yake haijajulikana. Lantana ililetwa ikiwa ua la bustani na kitalu. Leo imefunika malisho katika sehemu nyingi. Gugu maji, lenye maua mazuri ya rangi ya zambarau hafifu, asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilienezwa katika nchi nyingi likiwa pambo la mabwawa, na kufikia miaka ya mwisho ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, likaziba njia za mitumbwi na kuwanyima wavuvi riziki. Komfri si gugu la kiasi hicho, wala haifai kusingiziwa. Lakini somo ni lile lile: mmea huchunguzwa kabla ya kupandwa, kwa maana baada ya kupandwa huwa umekwisha kupata makao.

3. KUCHAGUA MAHALI NA KUPANDA

Mahali pa komfri pachaguliwe kwa nia ya kwamba mmea utakaa hapo miaka yote. Yafaa mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Pawe mbali na mpaka wa jirani, angalau mita tatu, ili mmiliki aweze kuzunguka bustani yake pande zote na kuona chipukizi lolote linalotoka nje.

(b) Pasiwe kwenye ukingo wa mto, mfereji au makingamaji. Mvua kubwa ikibomoa ukingo, itachukua mizizi na kuipeleka kwa watu wa bondeni.

(c) Pasiwe katikati ya shamba linalolimwa kila msimu, wala mahali panapotazamiwa kubadilishwa matumizi.

(d) Pawe na udongo wenye kina na unyevu, karibu na mahali pa kutengenezea mboji, ili majani yasibebwe mbali.

Ardhi ilimwe kwa kina na magugu ya kudumu yang'olewe kabla ya kupanda, kwa kuwa baada ya hapo haitalimika tena kwa urahisi. Upandaji hufanywa kwa vipande vya mzizi vyenye urefu wa sentimita 5 hadi 10, vikilazwa katika mashimo yenye kina cha sentimita 5 hivi wakati mvua zimeanza. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 60 hadi 90. Samadi iwekwe kwa wingi.

Mwaka wa kwanza ni wa kuujenga mzizi. Mabua ya maua yakatwe yanapotokea, na majani yasivunwe, au yavunwe kidogo tu. Baada ya hapo majani hukatwa yanapofikia kimo cha sentimita 60, yakiachwa sentimita 5 juu ya ardhi. Mahali penye unyevu wa kutosha huwa tayari kukatwa tena baada ya wiki tano au sita. Wakati wa kiangazi kirefu mmea huachwa upumzike.

Mabua yaliyokatwa yasitupwe mabichi juu ya udongo wenye unyevu, kwani sehemu za chini za bua huweza kutoa mizizi. Yaanikwe juani siku mbili yanyauke. Mizizi iliyong'olewa isitiwe kamwe katika lundo la mboji. Ikaushwe kabisa juu ya jiwe au bati, kisha ichomwe.

4. KAZI YAKE YA KWELI: KURUTUBISHA BUSTANI

Majani ya komfri yana potasi nyingi, madini ambayo nyanya, viazi na migomba huyahitaji sana. Majani hayo ni laini, huoza upesi, na hayaachi nyuzi ngumu. Kwa hiyo hufaa katika njia tatu.

Kwanza, hutandazwa chini ya mimea yawe matandazo. Pili, hutiwa katika lundo la mboji pamoja na majani makavu na samadi, ambako huharakisha kuoza. Tatu, hutengenezwa mbolea ya maji. Katika njia hii ya tatu, kilo moja ya majani hutiwa katika lita 15 za maji ndani ya pipa lenye kifuniko, yakaachwa kwa wiki mbili hadi nne kulingana na joto la mahali. Harufu yake ni kali, hivyo pipa liwekwe mbali na nyumba. Maji yale huchujwa na kumwagiwa shinani.

Hata hivyo kuna jambo linalopaswa kueleweka vizuri, maana hapa ndipo maneno ya wauzaji huzidi ukweli. Komfri si jamii ya kunde. Haitengenezi naitrojeni kutoka hewani kama zifanyavyo maharagwe. Inachofanya ni kuchota madini yaliyomo ardhini na kuyaweka katika majani. Mwanachama anayekata majani na kuyapeleka kwenye nyanya hajaongeza mali. Amehamisha fedha kutoka katika akiba moja kwenda katika akiba nyingine. Asiporudisha samadi katika bustani ya komfri, akiba ile ya kwanza itakauka siku moja. Wala mbolea hiyo ya maji haiwezi kuchukua mahali pa samadi na mboji. Ni nyongeza tu.

5. LISHE YA MIFUGO: HESABU KABLA YA SIFA

Sifa kubwa iliyoipeleka komfri katika nchi nyingi ni wingi wa lishe. Husemwa kwamba eka moja hutoa tani nyingi mno za majani, na kwamba majani hayo yana protini nyingi. Ni kweli kwamba majani makavu ya komfri huwa na protini inayotosha kusifiwa, mara nyingi kati ya sehemu 15 na 30 katika kila 100. Lakini neno muhimu hapo ni "makavu". Jani bichi la komfri ni maji kwa sehemu 85 hadi 90 katika kila 100. Anayepima majani mabichi kwa mizani hupima zaidi maji.

Ichukuliwe mfano wa mwanachama aliyepanda bustani yenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 3 na sentimita 60, kwa nafasi ya sentimita 90 kila upande. Atakuwa na mistari minne yenye miche kumi, jumla miche 40. Tuseme kila mche unampa kilo moja ya majani kwa mkato mmoja. Hesabu yake itakuwa hivi:

Majani mabichi: kilo 40.
Maji yaliyomo: kilo 34 hadi 36.
Lishe kavu inayobaki: kilo 4 hadi 6.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za lishe kavu kwa siku. Basi mkato mzima wa bustani ile, uliosubiriwa kwa wiki tano au sita, haumtoshelezi ng'ombe mmoja zaidi ya nusu siku. Kwa upande mwingine, kilo zile zile 40 zikitiwa katika mapipa kwa kipimo kilichotajwa hutoa lita 600 za mbolea ya maji, yaani madebe 30. Hesabu hiyo yaonyesha wazi kwamba bustani ndogo ya komfri ina kazi kubwa zaidi kwenye mboga kuliko kwenye hori. Mwanachama anayefikiria kung'oa majani ya tembo ili apande komfri afanye kwanza hesabu hii kwa kalamu na karatasi.

6. SUMU ILIYOMO

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote katika somo hili, na katibu wa kikundi anaombwa asome sehemu hii mara mbili mbele ya wanachama.

Komfri ina kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Kemikali za kundi hili hupatikana pia katika baadhi ya jamii za marejea. Huliharibu ini, hasa mishipa yake midogo ya damu. Haziui siku ile ile. Madhara hujilimbikiza kidogo kidogo, na mtu aweza kula au kunywa kwa miezi akijiona mzima, hata ini linapokuwa limekwisha kudhurika. Mzizi una sumu nyingi kuliko jani, na jani changa lina sumu nyingi kuliko jani lililokomaa. Kupika si kinga ya kutegemewa.

Zamani jambo hili halikufahamika vyema. Watu wa Ulaya na Marekani walikula majani ya komfri kama mboga, wakayanywa kama chai, na kuyauza yakiwa vidonge. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walitangaza kwamba panya waliolishwa majani na mizizi ya komfri walipata uvimbe wa saratani katika maini. Mwaka 2001 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliwataka watengenezaji waondoe sokoni bidhaa za komfri zinazomezwa.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: komfri isiliwe na binadamu, isinywewe kama chai, wala isitumiwe kama dawa ya kumeza. Majani yaliyopondwa yamekuwa yakifungwa juu ya misuli iliyoteguka, lakini yasiwekwe kabisa kwenye kidonda au ngozi iliyochubuka, kwa maana sumu huweza kupenya. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali nayo. Yeyote ambaye amekuwa akiitumia kwa chakula au chai aache, akamwone mganga wa hospitali na kumweleza wazi alichokuwa akitumia.

Kuna hatari nyingine ya kukosea. Kabla ya kutoa maua, majani ya komfri hufanana na ya ua la bustani liitwalo dijitali, ambalo nalo hutoa maua ya umbo la kengele. Dijitali hudhuru moyo, na huweza kuua. Katika nchi za ng'ambo wako watu waliokufa kwa kuchuma jani la dijitali wakidhani ni komfri.

Kwa upande wa mifugo, si wanyama wote walio sawa. Nguruwe ndiye anayedhurika upesi zaidi na sumu za kundi hili, akifuatiwa na kuku. Ng'ombe na farasi huhimili kiasi, lakini si sana. Kondoo na mbuzi huhimili zaidi ya hao wote. Jambo hili latakiwa kuwazindua wanachama, kwa kuwa desturi ya wengi ni kinyume: majani hupelekwa kwanza kwenye banda la kuku na zizi la nguruwe. Zaidi ya hayo, kiasi kidogo cha sumu hizi huweza kupita katika maziwa. Chama cha wafugaji kinachouza maziwa ya wanachama mia kadhaa katika tangi moja kina jina la kulinda. Busara ni kutoifanya komfri kuwa lishe ya kila siku, na kutowapa kabisa nguruwe, kuku, ndama na wanyama wenye mimba.

7. KUIONDOA

Mwanachama ambaye ameshindwa kuidhibiti komfri asikate tamaa, ila ajue kwamba kazi itazidi msimu mmoja. Asilime kwa jembe la kawaida wala plau. Achimbe kwa jembe la uma kuzunguka kila shina, autoe mzizi mzima kadiri awezavyo, na kuokota kila kipande. Kisha apite kila wiki mbili au tatu akichimbua machipukizi yaliyosalia kabla hayajapata majani mapana. Mzizi hula akiba yake kila unapochipua. Ukinyimwa majani muda mrefu, huishiwa nguvu. Mahali padogo huweza kufunikwa kwa turubai nzito nyeusi, kingo zikifukiwa, kwa mwaka mmoja au zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: chipukizi moja lililopuuzwa huirudisha kazi nyuma.

8. WAJIBU WA CHAMA

Mwanachama anapompa jirani yake mzizi, hilo ni jambo lao wawili. Chama kinapogawa mizizi, mwanachama huipokea kwa kuamini kwamba halmashauri imekwisha kuchunguza. Imani hiyo ni mali ya chama, kama zilivyo fedha zilizo benki. Miongoni mwa kanuni saba za ushirika zilizopitishwa na Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani huko Manchester mwaka 1995, ya tano inahusu elimu, mafunzo na habari, na ya saba inahusu kuijali jamii. Kugawa mizizi bila elimu ni kuivunja ya tano. Kugawa bila kufikiria shamba la jirani asiye mwanachama ni kuisahau ya saba.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni, basi, si "hapana" wala si "ndiyo" tupu. Chama kinaweza kukubali endapo masharti yafuatayo yamewekwa katika azimio la mkutano. Azimio la mfano ni hili:

"Mkutano umekubali kwamba mizizi ya komfri igawiwe kwa mwanachama aliyehudhuria somo tu, kwamba iwe ya aina isiyotoa mbegu, na isipopatikana, ugawaji usifanyike, kwamba kila mwanachama asipewe zaidi ya vipande 40, kwamba asipande chini ya mita tatu kutoka mpaka wa jirani au ukingo wa maji, kwamba asiuze wala kutumia majani au mizizi kuwa chakula, chai au dawa ya kumeza, na kwamba mizizi ikivuka mpaka, aliyepanda ndiye atakayeichimba kwa gharama yake."

Katibu afungue daftari la ugawaji lenye nafasi tano: jina la mwanachama, tarehe, idadi ya vipande, mahali vilipopandwa, na sahihi. Baada ya miezi 12 mjumbe mmoja wa halmashauri pamoja na bwana shamba wazitembelee bustani hizo na kuandika walichokiona. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mmea usioandikwa huenea bila mwenyewe. Siku jirani atakapolalamika, daftari ndilo litakaloonyesha nani alipanda, wapi, na lini, badala ya watu kugombana kwa maneno matupu.

Na kama chama hakina mtu wa kufundisha somo, hakina daftari, wala hakina uhakika wa aina ya mizizi iliyoletwa, basi kisigawe. Kungoja msimu mmoja hakumharibii mtu shamba.

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Aina ya Bocking 14 haitoi mbegu zinazoota. Kwa nini basi hupatikana ikiwa imeenea nje ya bustani iliyopandwa?

2. Mwanachama mmoja amepanda miche 60, na kila mche humpa kilo moja na nusu kwa mkato. Ikiwa sehemu 88 katika kila 100 ni maji, amepata kilo ngapi za lishe kavu? Zingemtosha ng'ombe mmoja kwa muda gani?

3. Kwa nini inasemwa kwamba komfri huhamisha rutuba na haiiongezi? Mwanachama afanye nini ili bustani yake ya komfri isichoke?

4. Mwanachama anauza chai ya komfri sokoni akisema ni dawa ya tumbo. Halmashauri imwambie nini, na kwa sababu gani?

5. Je, katika eneo la chama chenu kuna mmea mwingine ulioletwa kwa ajili ya pambo au lishe ambao sasa unasumbua? Nani aliuleta, na ni hatua gani ingechukuliwa mapema?

6. Someni tena azimio la mfano. Ni sharti gani ambalo chama chenu hakiwezi kulisimamia kwa sasa, na ni nani atapewa kazi ya kulitafutia njia kabla ya mvua?

Majibu ya kikundi yaandikwe na kuwasilishwa katika kikao cha halmashauri kinachofuata, ili uamuzi wa kugawa au kutogawa mizizi utokane na wanachama wenyewe walioelewa.